Njia ya Baiskeli Juu ya Reli ya Kale

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yalisomwa redioni, na hapa yamepigwa chapa ili kila msomaji ayarudie kwa nafasi yake.

Mwalimu wa kikundi, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu ameketi mahali anaposikia vizuri, na mwenye daftari aliweke tayari. Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Leo tutasoma historia ya njia.

Kwanza nawauliza jambo moja. Ni nani kati yenu, mwendao kwa baiskeli, ambaye hajapata kukimbilia kando ya barabara kwa ghafula baada ya kusikia honi ya lori nyuma yake? Mimi nimekimbia mara nyingi. Siku moja nilikuwa nakwenda kukagua darasa la jioni, nikaangukia mtaroni pamoja na madaftari niliyoyafunga kwenye karia. Nilipoinuka na kujikung'uta vumbi, lori lilikuwa limekwisha kwenda zake. Nikaendelea na safari huku nawaza: barabara hii ni ya nani? Ni ya mwenye gari peke yake, au na mimi mwenye magurudumu mawili nina sehemu yangu?

Swali hilo si geni. Watu wa nchi nyingine wamelipigania kwa muda wa miaka mingi, na jawabu mojawapo walilopata ni hili: kuwa na njia ndefu zipitazo mashambani, ambazo gari haliruhusiwi kupita, bali mtu wa baiskeli na mtu wa miguu tu. Leo tutaitazama njia moja ya namna hiyo. Iko nchini Uingereza, kati ya mji wa Bristol na mji wa Bath. Urefu wake ni maili 13, yaani kilometa 21 hivi. Si ndefu sana, lakini habari yake ni ndefu.

1. Baiskeli yaja, motokaa yafuata

Baiskeli kama hii tunayoijua sisi, yenye magurudumu mawili yaliyo karibu sawa na cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885. Aliyeitengeneza ni John Kemp Starley wa mji wa Coventry. Kabla ya hapo mtu alikaa juu ya gurudumu kubwa la mbele, na akianguka, huanguka kutoka juu kama nazi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, akapata hati ya serikali kwa tairi lake la kujazwa upepo. Tangu hapo mwendo ukawa laini.

Lakini wapanda baiskeli hawakungoja hata siku hizo. Mwaka 1878 walikwisha kuunda chama chao cha kutembelea nchi kwa baiskeli. Chama hicho kiliwatafutia wanachama nyumba nzuri za kulala safarini, na kikasimamisha mabango ya kuonya watu penye mteremko wa hatari. Angalieni jambo hilo: baadhi ya alama za kwanza za hatari barabarani ziliwekwa na watu wa baiskeli, kabla motokaa hazijaenea.

Wakati ule barabara za mashambani zilikuwa kimya. Wasafiri wa mbali na mizigo yao walipanda gari la moshi, na barabarani ukakuta mkokoteni, farasi, kondoo na mchungaji wao. Hata motokaa zilipozidi, ukimya ule ukaondoka, na vifo vikaja. Katika mwaka 1934 peke yake, watu zaidi ya 7,300 walikufa kwa ajali barabarani nchini Uingereza.

Serikali ikatafuta dawa. Desemba 1934 ilifunguliwa njia ya kwanza ya baiskeli kando ya barabara kubwa itokayo London kwenda magharibi. Urefu wake ulikuwa maili mbili na nusu. Sasa, ndugu msikilizaji, wewe ungedhani kwamba wapanda baiskeli walipiga vigelegele. La, hasha! Chama chao kilipinga. Kwa nini mtu akatae zawadi?

Walikuwa na sababu. Kwanza, njia yenyewe ilikuwa nyembamba, na kila ilipokutana na njia ya kando mpanda baiskeli alilazimika kukatiza mbele ya magari. Pili, na hili ndilo kubwa, waliogopa hivi: leo tumepewa njia yetu ya pembeni, kesho tutaambiwa, ‘Barabara kuu si yenu tena, ondokeni.’ Mtu akikujengea kibanda uani, si lazima awe amekuheshimu. Huenda anataka kukutoa nyumbani. Neno hilo likumbukeni, maana tutalirudia mwishoni.

2. Reli yajengwa, reli yafa

Sasa tuiache baiskeli kidogo, twende kwenye reli.

Kaskazini-mashariki ya Bristol yalikuwako machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1835 ilifunguliwa reli ya kuleta makaa yale mjini, na mabehewa yalivutwa na farasi. Baadaye yakaja magari ya moshi, na mwaka 1869 kampuni ya reli iitwayo Midland ikafungua tawi la kufika mpaka Bath.

Hapo nataka tusimame kidogo tujifunze jambo moja la ufundi, kwa sababu ndilo ufunguo wa somo la leo. Gari la moshi lina nguvu nyingi za kuvuta, lakini halijui kupanda mlima. Magurudumu yake ni ya chuma na reli ni ya chuma, na chuma juu ya chuma huteleza. Kwa hiyo fundi wa reli hutafuta mwinuko mdogo sana. Mara nyingi katika kila hatua 100 za kwenda mbele, njia haipandi zaidi ya hatua 1 au 2. Penye kilima, hukikata kilima. Penye bonde, hujaza udongo akafanya tuta. Penye mto, hujenga daraja. Na kilima kikiwa kikubwa mno, hutoboa handaki chini yake. Katika njia yetu hii liko handaki moja, mahali paitwapo Staple Hill, lenye urefu wa karibu nusu kilometa.

Kazi za reli zama zile zilifanywa zaidi kwa mikono ya watu, kwa sururu, sepetu na baruti. Basi fikirini jasho lililomwagika ili njia ile iwe tambarare.

Muda wa karibu miaka mia gari la moshi lilipita pale. Lakini zile motokaa zilizomsumbua mpanda baiskeli zilimsumbua na mwenye reli pia. Malori yakachukua mizigo, mabasi na motokaa za watu binafsi zikachukua abiria, na hasara ya reli ikazidi mwaka hata mwaka. Mwezi wa Machi 1963 mkuu wa reli za Uingereza, Dk. Richard Beeching, alitoa taarifa yake mashuhuri. Alisema zaidi ya stesheni 2,300 zifungwe, pamoja na karibu theluthi moja ya njia za reli. Watu wa vijijini walilia sana, maana wengine hawakuwa na chombo kingine cha kusafiria. Lakini njia nyingi zilifungwa.

Reli ya Bristol na Bath kwa upande huu ilikuwa mojawapo. Machi 1966 ikapita treni ya mwisho ya abiria. Makaa ya mawe ya kiwanda cha gesi cha Bath yaliendelea kupita kitambo, na mwaka 1971 hayo nayo yakakoma. Kisha vyuma vikang'olewa. Ikabaki kokoto, na juu ya kokoto yakaota magugu na miiba. Handaki likawa giza tupu.

3. Watu washika majembe

Ndugu zangu, kitu kilichotupwa hakikosi wa kukitaka. Ardhi ya reli ikiachwa, jirani husogeza ua wake, mwingine hununua kipande akajenga, mwingine hubomoa daraja apate mawe. Na ukivunja daraja moja tu, njia nzima imekatika. Nchini Uingereza mapande mengi yalipotea hivyo.

Wako walioona mapema. Huko Staffordshire, reli ndogo ya bonde la mto Manifold ilifungwa mwaka 1934, na mwaka 1937 ilikwisha kugeuzwa njia ya watu. Na katika hifadhi ya milima ya Derbyshire, njia ya Tissington ya maili 13 ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya reli iliyokufa.

Tena kulitokea jambo jingine kubwa. Mwaka 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na bei ya mafuta ya petroli ikapanda karibu mara nne kwa muda wa miezi michache. Dunia nzima ilishituka, nasi Afrika Mashariki tulionja uchungu wake. Mtu aliyekuwa ameisahau baiskeli yake aliikumbuka.

Mwezi wa Julai 1977 watu wachache wa Bristol waliunda kikundi cha kutetea baiskeli. Mmoja wa viongozi wake alikuwa John Grimshaw, fundi wa ujenzi wa barabara na madaraja. Kikundi hicho baadaye kilijulikana nchi nzima kwa jina la Sustrans. Hawakuwa na fedha nyingi. Walakini walikuwa na macho. Waliitazama reli iliyoachwa wakaona kile ambacho wengine hawakukiona: njia iliyokwisha kujengwa. Tuta liko, madaraja yako, handaki liko. Na ule mwinuko mdogo uliowekwa kwa ajili ya gari la moshi, je, haumfai mtu mwenye baiskeli? Mtoto wa miaka 7 anaweza kuupanda, na mzee wa miaka 70 pia. Njia hukatiza mashamba, hufuata bonde la mto, na haikutani na magari ila mahali pachache.

Basi wakaenda kuzungumza na wenye reli, wakapewa ruhusa ya kutumia kipande cha maili 5 hivi, kutoka Bath mpaka kijiji cha Bitton. Katika msimu wa joto wa mwaka 1979 watu wa kujitolea wakashika majembe. Sisi tungeiita kazi ile harambee au msaragambo. Wakafyeka miiba, wakasawazisha kokoto ambayo tayari ilikuwa imeshindiliwa na uzito wa treni kwa miaka mingi, wakamwaga juu yake changarawe laini, wakaishindilia. Kazi haikuwa ya ajabu. Aliyepata kutengeneza njia ya kijijini kwake anaijua.

Lililokuwa la ajabu ni watu walivyoitumia. Mara njia ilipofunguliwa ilijaa: wafanyakazi waendao kazini, wanafunzi, mama na watoto, wazee wenye kutembea polepole, na wasafiri wa mbali waliofunga mizigo yao kwenye karia. Serikali ya wilaya ikaona, ikatia mkono. Kipande baada ya kipande njia ikarefushwa, na mwaka 1986 ikafika Bristol penyewe. Handaki la Staple Hill likatiwa taa. Pale Bitton chama kingine kilihifadhi stesheni ya zamani na kurudisha magari machache ya moshi kwa ajili ya matembezi, hata leo reli na njia ya baiskeli zakaa ubavu kwa ubavu, bila kugombana.

4. Njia yaenea, na magomvi pia

Mwaka 1995 kikundi kile kilipewa zaidi ya pauni milioni 40, fedha zilizotokana na bahati nasibu ya taifa, ili kusaidia kuunganisha nchi nzima kwa njia za baiskeli. Katika Juni 2000 maili 5,000 za kwanza zilifunguliwa.

Lakini historia njema husema na upande wa pili. Mwaka 2018 wenyewe walitoa taarifa ya ukaguzi. Wakati ule jumla ilikuwa imefika maili 16,000 na zaidi, lakini theluthi moja tu hivi ndiyo iliyokuwa haina magari. Sehemu iliyobaki ilipita katika barabara za kawaida, nyingine zenye hatari. Kwa hiyo mwaka 2020 waliamua kuondoa au kubadilisha alama katika karibu robo ya njia zote, kwa sababu hazikumfaa mtoto wala mtu asiye hodari. Mimi nawaheshimu kwa jambo hilo. Ni rahisi kuhesabu maili, ni vigumu kukiri kwamba baadhi ya maili ulizozihesabu si njema.

Na njia ya Bristol yenyewe ilikaribia kupata mashaka. Mwaka 2008 ulikuwako mpango wa kupitisha mabasi juu ya sehemu yake iliyo mjini. Wenye mpango hawakuwa watu wabaya, maana basi nalo huchukua maskini. Lakini wenyeji waliandamana na kutia sahihi zao kwa maelfu, na mpango ukawekwa kando. Twaona kwamba njia haijengwi mara moja ikaisha. Hujengwa tena kila mara watu wanapoitetea.

Marekani nako kumekuwa na magomvi, na ya kule yamefika mahakamani. Katika jimbo la Wisconsin, reli kati ya miji midogo ya Elroy na Sparta ilipata treni yake ya mwisho mwaka 1964. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo iliinunua ardhi, na mwaka 1967 watu wakaanza kupita na baiskeli zao, maili 32, na mahandaki matatu. Nchi nzima ikataka kuiga. Ndipo wenye mashamba wakauliza: ‘Baba zetu waliitoa ardhi hii kwa ajili ya treni. Treni imekwenda. Kwa nini ardhi isirudi kwetu?’ Ni swali la haki, wala halidharauliwi. Mwaka 1983 bunge lao lilitunga sheria kwamba reli isiyotumika yaweza kuwekwa akiba kwa kugeuzwa njia ya watu, ili siku moja treni ikihitajiwa tena, ardhi iwe bado ipo. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba sheria hiyo ni halali, lakini mwenye ardhi aliyedhulumiwa aweza kudai malipo. Na mwaka 2014, katika shauri jingine la jimbo la Wyoming, mahakama hiyo hiyo ilimpa haki mwenye ardhi.

5. Sisi twajifunza nini?

Huenda mtu mmoja darasani anajisemea moyoni: ‘Hayo ni ya Wazungu, wanaopanda baiskeli kwa kutaka kufurahi. Mimi nabeba mkaa, nabeba ndizi, nabeba mgonjwa.’ Umesema kweli, ndugu. Kwa hiyo nitakupa habari ya hapa kwetu.

Kusini ya Tanganyika, katika miaka ya 1940, ilijengwa reli kutoka pwani kwenda Nachingwea. Ilijengwa kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mpango ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ile ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Treni ikawa hadithi ya wazee. Siwaambii kwamba ingefaa kuwa njia ya baiskeli. Sipendi kusema jambo nisilolipima. Nawaambia tu kwamba nasi tumepata kuwa na njia iliyokufa, na kwamba njia ikifa, lazima awepo mtu wa kuuliza, ‘Sasa itakuwa ya nani?’ Asipoulizwa mtu, jibu huja lenyewe, nalo mara nyingi ni la mwenye nguvu.

Mwisho nalirudia lile neno la mwaka 1934. Wale waliokataa kibanda cha uani hawakuwa wajinga. Njia ya pekee ni njema ikiwa imejengwa vizuri, inafika mahali watu waendako, na haimnyimi mtu haki yake katika barabara kuu. Njia ya Bristol na Bath ilipendwa kwa sababu ilikuwa hivyo. Haikujengwa ili kumwondoa mtu mahali fulani. Ilijengwa ili afike.

Nami jioni ile, baada ya kutoka mtaroni, nilifika darasani nimechelewa nusu saa. Wanafunzi walikuwa bado wananingoja. Nusu yao walikuja kwa baiskeli, nao hurudi usiku, kwa barabara ile ile.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini njia ya reli ni rahisi kwa mtu wa baiskeli? Eleza kwa mfano wa hatua 100.
2. Kwa nini chama cha wapanda baiskeli kilipinga njia ya mwaka 1934? Je, wewe ungekubaliana nao?
3. Mwenye shamba aliyetoa ardhi kwa ajili ya treni ana haki gani treni ikiondoka? Nusu ya darasa imtetee yeye, nusu itetee njia.
4. Katika mahali penu, iko njia gani iliyoachwa au inayovamiwa? Ilikuwa ya nani, na sasa ni ya nani?

Maneno ya kuandika daftarini

Tuta: udongo uliorundikwa ili kuinua njia penye bonde.
Handaki: hapa maana yake ni njia iliyotobolewa chini ya kilima.
Mwinuko: kadiri njia inavyopanda.
Kushindilia: kukandamiza udongo au kokoto mpaka iwe ngumu.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo. Wenye baiskeli, angalieni breki zenu kabla ya kuondoka, nanyi mnaotembea kwa miguu pitani upande ambao mtayaona magari yakija.